Kuuzoea Mkono wa Waino

"Kandamiza zaidi," alisema Bi Verna Karvonen, uso wake ukiwa ndani ya tundu la kitanda cha kukandia. "Unanipapasa kama mtu anayetafuta miwani gizani."

"Hapa panatosha, Bi Verna."

"Panatosha kwako. Mgongo ni wangu."

Nilicheka kidogo, nikaviacha viganja vyangu pale vilipokuwa, juu ya mabega yake, bila kusukuma. Kwa watu wengine mikono iliyotulia hivyo ni mwanzo tu wa kazi. Kwake yeye ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Alikuwa na fibromayaljia, ugonjwa usioonekana kwenye picha wala kwenye damu. Neva hukichukua kila kinachougusa mwili na kukipigia kelele: mshono wa soksi, mkanda wa gari, mjukuu anayekuja mbio akitaka kukumbatiwa. Ukimkanda mtu wa namna hiyo kama unavyomkanda mkata magogo, ataondoka akitabasamu, na kesho yake hataweza kuinua kikombe.

Na huku kwetu kweli ataondoka akitabasamu. Chuoni tulifundishwa kumuuliza mtu ayapime maumivu yake kati ya sifuri na kumi. Mwalimu wetu alitoka kusini na alikuwa hawajui watu wa rasi hii ya kaskazini. Hapa kila mtu husema tatu. Babu yangu alisema tatu akiwa na mbavu zilizovunjika, tena huku akimwomba daktari radhi kwa kumsumbua Jumapili. Kwa hiyo mimi siulizi. Natazama vidole vya miguu chini ya shuka. Mdomo unaweza kusema "siyo mbaya" mpaka jua lizame, lakini vidole vya miguu havina adabu hiyo. Vikiumizwa vinajikunja.

Vya Bi Verna vilikuwa vimejikunja tangu nilipomfunika.

Sababu ya kuja kwake aliniambia mara ya tatu, si ya kwanza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akivaa sweta polepole, mkono mmoja kisha mwingine, na aliongea huku akitazama dirisha, ambako hapakuwa na kitu ila ukuta wa duka la maua na theluji ya kwanza.

Mumewe, Waino, alikuwa katika nyumba ya wazee ng'ambo ya daraja tangu barafu ya ziwa ilipoyeyuka. Kumbukumbu zilikuwa zinamtoka, na miongoni mwa zilizotangulia kutoka ilikuwa sura ya mkewe.

"Akiniona anaona mama fulani mwenye mvi," alisema. "Ananisalimia vizuri, ananikaribisha kiti. Lakini akinishika hapa..." Alionyesha kifundo cha mkono wake wa kushoto. "Watu wengine wanashikana viganja. Yule tangu ujana alinishika hapa, kama mpini wa shoka. Kanisani, kwa daktari, njiani barafu ikiteleza. Haongei, anashika tu. Basi hata sasa akifumba macho akanishika hapa, ananijua. Anasema, 'Verna. Umefika.' Hapo tunakuwa mtu na mkewe kwa muda kidogo."

Nilimletea koti lake. Mimi si mwepesi wa kuuliza.

"Ana mkono mzito, Senja. Miaka yote na msumeno wa mashine. Wiki iliyopita nikauvuta mkono wangu. Sikutaka. Ulitoka wenyewe, kama umegusa jiko. Akafumbua macho akanitazama. Unajua alisema nini?" Alikuwa anahangaika na zipu ya koti. "Alisema, 'Samahani, mama. Nilidhani wewe ni mke wangu.' Akaendelea kuniomba radhi mpaka muuguzi akaja. Aliona aibu, maskini, kumshika mke wa mtu."

Nilimfungia zipu.

"Kwa hiyo nataka unizoeshe," alisema. "Kila wiki kandamiza zaidi kidogo. Mpaka nikishikwa na Waino nione kawaida."

"Mwili wenye ugonjwa huu hauzoei hivyo, Bi Verna."

"Wewe si mtoto wa hapa? Hukutupwa kwenye theluji ukitoka kwenye joto la sauna?"

"Nilitupwa."

"Ulilia?"

"Nililia."

"Na mwaka uliofuata?"

"Sikulia."

"Sasa?" Alifungua viganja vyake kama aliyeshinda kesi.

Nilijaribu kumweleza. Nilisema baridi ni jambo jingine. Neva zake zilikuwa hazizoei maumivu bali zinajifunza, na kila zinapoumizwa zinakuwa hodari zaidi wa kuumia. Nilisema hayo nikiitazama chupa ya mafuta, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia kwa shida.

"Mmesoma sana nyinyi," alijibu, akanipapasa shavuni kwa kidole kimoja, akaenda zake.

Lakini alirudi, na vuli yote nilimfanyia kwa njia yangu. Kitambaa cha moto miguuni. Viganja chini ya kichwa, bila kuvuta. Nilikuwa nangoja pumzi yake ishuke hadi tumboni ndipo nisogeze mkono, tena pole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Akaanza kupata usingizi. Siku moja aliniletea mkate wa iliki alioukanda mwenyewe, kitu ambacho hakuwa amekiweza tangu mwaka uliopita, akaniambia kwamba Waino alimshika kwa muda wote wa habari za hali ya hewa kwenye televisheni kabla hajalazimika kujitoa.

"Na siku hizi hali ya hewa wanaisoma ndefu," alisema, uso umemng'aa.

Nilifurahi kuliko ilivyofaa. Nilidhani ameridhika.

Kisha hakuja. Simu yake iliita bila kupokewa. Alipokuja tena aliletwa na mdogo wake, Doreen, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyemshikia mlango kwa mgongo ili dada yake apite bila kugusa kitu. Bi Verna alitembea mikono ikiwa imetengana na mwili, kama aliyepakwa rangi mbichi.

"Mimi nimemwambia, sitaki kwenda jela kwa ajili yake," alisema Doreen kabla sijasalimia.

"Doreen, nyamaza."

"Sinyamazi. Mwambie mtoto wa watu ulichofanya. Au nimwambie mimi?"

Akaniambia yeye. Kila asubuhi, baada ya kahawa, Bi Verna alikuwa anaunyoosha mkono wake juu ya meza ya jikoni, na Doreen anakishika kile kifundo na kukiminya. Kila siku zaidi ya jana. Walikuwa wamemalizia hapo kazi ambayo mimi nilikataa kuifanya.

"Na wewe ulikubali?" nilimuuliza Doreen. Nilishangaa mwenyewe kusikia nimepaza sauti.

"Kuna mtu anamkatalia huyu? Aliniambia minya, nikaminya. Mwenyewe anaimba nyimbo za kanisani, machozi yanadondoka kwenye sahani. Namuuliza, dada, inauma? Anasema siyo mbaya."

"Haikuwa mbaya," alisema Bi Verna.

"Unaona?" Doreen alinigeukia. "Kichwa kama kisiki. Hata baba alisema hivyo."

Siku hiyo sikuigusa mikono yake kabisa. Nilizishika nyayo zake tu, kisigino kimoja katika kila kiganja, nikakaa hivyo. Doreen alisinzia kwenye kiti huku kofia imemfunika macho. Kipasha joto kiligonga ukutani.

"Sijamwona Waino tangu hali hii ianze," alisema Bi Verna hatimaye. "Naogopa atanishika. Mimi, naogopa mume wangu atanishika."

"Anauliza?"

"Muuguzi anasema haulizi mtu. Ila anashika chuma cha kitanda. Wakimpa chakula inabidi wamfungue vidole. Nimeharibu, Senja."

"Hujaharibu. Umerudi nyuma tu."

"Yeye hana muda wa mimi kurudi nyuma."

Niliendelea kushika visigino vyake na kufikiri, na nilipozungumza ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu bila kuulizwa. Nilisema kwamba labda tulikuwa tunaufundisha mkono usiostahili. Badala ya kuuzoeza wake, labda tungejaribu wa Waino. Nilisema nina siku isiyo na kazi na kwamba, kama hatajali, ningeweza kwenda naye.

Nyumba ya wazee ilikuwa na harufu ya kahawa iliyochemshwa mno. Waino alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha, amevaa shati la flana lililofungwa vifungo mpaka shingoni, nywele zake zimechanwa kwa maji. Alikuwa mtu mkubwa. Mikono yake ilikaa juu ya magoti kama vifaa vilivyowekwa hapo na mtu mwingine.

Alinitazama kwanza mimi. "Wewe mtoto wa nani?"

"Wa kina Ruona, barabara ya mgodini."

"Ruona yupi? Yule aliyezamisha gari ziwani?"

"Ndiye babu yangu."

"Mjinga yule!" alisema kwa furaha kubwa. "Tulimwambia barafu bado changa. Akasema ana haraka." Alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwona Bi Verna, akanyooka kitini na kupunguza sauti. "Karibu, mama. Kaa tu, kiti hakina mtu."

Bi Verna alikaa.

Alikuwa na wazo lake mwenyewe, na niliona vema lijaribiwe kwanza. Alitoa kwenye mkoba glavu ya Waino, moja ya zile za ngozi ya paa zenye sufu ndani ambazo wakata magogo huvaa, akauingiza mkono wake humo mpaka karibu na kiwiko. Kwa unene ule, alidhani, mshiko ungefika umepoa. Akauweka mkono wenye glavu juu ya goti la mumewe.

Waino aliushika. Akaupapasa. Uso wake ukakunjamana.

"Glavu yangu hii," alisema. "Nani kaiiba?" Akaivuta ikatoka, akaivaa mwenyewe, akakikunja na kukikunjua kiganja chake kuona kama inamtosha. Ilimtosha. Akaegemea kiti akiwa ameridhika kabisa, na punde si punde akalala.

Bi Verna alicheka hadi akajishika mbavu. "Siku zote hizi nasema mume wangu ananitafuta mimi," alisema akifuta macho. "Kumbe anatafuta glavu."

Waino alipoamka nilimwonyesha Bi Verna njia niliyokuja nayo. Asiutoe mkono wake ushikwe. Autangulize wa kwake chini, kiganja kikitazama juu, na mkono wa Waino ulale juu yake kwa uzito wake tu, maana uzito unasambaa na mshiko unachoma. Vidole vya Waino vikianza kujifunga, amsugue kwa kidole gumba mgongoni mwa kiganja, kuelekea kwenye vifundo vya vidole. Vitafunguka. Mkono uliobana hauwezi kuvumilia kubembelezwa hapo.

Alifanya hivyo, na ilifaa. Mkono wa Waino ulilala. Mabega ya Bi Verna yakashuka. Wakakaa, na nje gari la kusomba theluji likapita na kurudi.

Waino alifumba macho, kisha akayafumbua. "Nani huyu?"

"Mimi."

"Verna anakuja leo?"

Bi Verna alinitazama.

"Anakuja," alisema. "Barabara mbaya, lakini anakuja."

"Mwambie asikimbize gari," alisema Waino, akafumba macho tena.

Basi ndivyo walivyokaa majira yote ya baridi, Bi Verna akiwa tarishi wa nafsi yake. Alinisimulia akiwa kitandani kwangu, na alijitahidi ichekeshe. "Leo ameniagiza nimwambie Verna asiuze boti. Nikamwambia nitamfikishia. Anasema, 'Mbembeleze, ni mkaidi.'" Siku nyingine: "Ameniuliza kama nimeolewa. Nimesema ndiyo. Akasema, 'Bahati yake.'" Mikono yake ilikuwa imepona kiasi cha kuendesha gari. Usingizi ulirudi. Kwa kila kipimo nilichofundishwa, nilikuwa nimefanya kazi nzuri.

Siku moja alisema, uso ukiwa kwenye tundu, "Nikiutanguliza mkono wangu chini siumii. Lakini kwake siyo mimi. Akinishika kifundo, ni mimi, na naumia." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayesoma bei dukani.

Tangu hapo, kila Jumapili, alimruhusu Waino amshike. Mara moja tu, mwanzoni, kwa kadiri alivyoweza. Akisikia jina lake likiitwa, akisikia "umefika", alikuwa anaubadilisha mkono na kuuweka chini. Jumatatu alikuwa hawezi kufungua kopo. Sikumkemea. Nilimwekea nafasi ya Jumatatu mchana isiyochukuliwa na mtu mwingine, na tuliendelea hivyo, yeye akitumia Jumapili kile tulichokusanya wiki nzima.

Theluji ilikuwa bado imerundikana kandokando ya barabara aliponiambia, "Jana alinishika. Haikuuma."

Nilitabasamu. Nilikuwa nageuka kuchukua mafuta na maneno ya furaha yalikuwa tayari mdomoni. Kisha niliuona uso wake.

"Mkono uliwekwa tu," alisema. "Niliusubiri ubane. Nilisubiri sana. Anavuta pumzi kwa shida, Senja, wanasema kifua kimejaa. Nimepigana na ule mkono tangu vuli, na sasa nimeshinda." Akajaribu kucheka, sauti ikamgeuka. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alilia amekaa wima, viganja vimefunguka mapajani, bila kujigusa.

Siku chache baadaye Doreen alinipigia simu. Dada yake alikuwa anauliza kama ningeweza kwenda na mafuta, kwa sababu miguu ya Waino imevimba na Waino hakuzoea kulalia mgongo.

Nilikwenda mchana. Pazia lilikuwa wazi na mwanga wa theluji ulijaa chumbani. Waino alikuwa kitandani, shati lake la flana limetandikwa juu ya blanketi. Muuguzi aliniambia mlangoni kwamba ni suala la saa tu. Doreen alikuwa koridoni akiwapigia ndugu simu, na kwa mara ya kwanza alikuwa anaongea kwa sauti ndogo.

Niliifunua miguu ya Waino. Ilikuwa baridi, mizito. Niliipaka mafuta na kuikanda polepole, kisigino hadi kifundo cha mguu, na yeye hakujua au alijua, sikuweza kusema. Vidole vyake vya miguu havikuniambia kitu.

Bi Verna alikuwa ameketi upande wa kushoto. Alivua saa yake. Akakunja mkono wa sweta, akaweka kifundo chake katika kiganja cha Waino, kisha kwa mkono wake wa pili akaanza kuvikunja vidole vya mumewe, kimoja baada ya kingine, juu ya kifundo hicho. Kidole gumba akakiweka mwisho, mahali pake. Akavifunika vyote kwa kiganja chake, akaminya.

Niliona mishipa ya shingo yake ikisimama. Nilijua anachokifanya kitamgharimu nini. Angeingia kwenye mazishi mikono imening'inia. Watu wangempa pole kwa kumshika mkono, kama ilivyo desturi, na kila mmoja angemchoma. Kazi yangu ilikuwa kusema basi.

"Waino," alisema. "Ni mimi." Akaminya zaidi. Vidole vya mumewe vilikuwa vyeupe chini ya vyake.

Waino alivuta pumzi. Ilichelewa, ikaja nyingine.

"Usiniambie niache," alisema Bi Verna bila kugeuka.

"Sikuambii."

"Ni mimi, Waino. Nimefika."

Bega lake lilikuwa limeanza kutetemeka. Mkono ulionyooka hivyo juu ya chuma cha kitanda ni mzito hata kwa mtu mzima wa afya, na wa kwake ulikuwa unamvuta kuanzia shingoni. Angelazimika kuuondoa muda si mrefu, na si kwa sababu ya kifundo.

Nilifuta mafuta viganjani. Nilizunguka kitanda, nikapiga magoti kando ya kiti chake, nikaingiza mkono wangu chini ya kiwiko chake. Niliupokea uzito polepole, mpaka bega likashuka na shingo ikalegea, mpaka yakabaki maumivu ya mahali pamoja tu, pale alipoyataka.

"Hapo?" nilimuuliza.

"Hapo," alisema, akaendelea kuminya.